Behringer Powerplay P16-M kwa bendi ya tamthilia ya shule: inamaliza ugomvi gani kati ya wapigaji na mafundi

Ugomvi baina ya wapiga vyombo na mafundi wa jukwaa katika tamthilia za muziki za shule una chanzo kimoja kinachojirudia kuliko vyote: mpigaji hajisikii anapopiga. Mpiga kibodi anaomba aongezewe sauti kwenye spika iliyo mbele yake. Fundi anaongeza. Sasa mpiga besi aliyekaa jirani ndiye hajisikii, naye anaomba. Mpiga gitaa haombi, anapandisha amplifaya yake mwenyewe. Mpiga dramu anaona gitaa limemzidi, anaongeza nguvu za mkono. Haipiti nusu saa, eneo la bendi lina kelele kiasi kwamba maneno ya waigizaji hayafiki safu ya nne. Mwongozaji anamkaripia fundi, fundi anawaambia wapigaji washushe, na wapigaji wanaona wanafundishwa kazi na mtu asiyejua kusoma noti. Ikifika siku ya mazoezi ya mwisho yenye mavazi, pande mbili haziongei ila kupitia mwalimu.

Hapo hakuna mkorofi. Fundi sauti ana mikono miwili, maiki kumi au ishirini za waigizaji za kufungua na kufunga kwa wakati wake, na kila ombi la mpigaji linamtoa kwenye ukurasa anaoufuata. Mpigaji naye hana njia nyingine: kitu anachokihitaji ili acheze vizuri kimeshikwa na mtu aliye mwisho wa ukumbi, ambaye hasikii anachokisikia yeye. Mmoja ana shida, mwenzake ana nobu. Ukiwaacha hivyo watagombana hata wakiwa marafiki.

P16-M ya Behringer inampa mpigaji nobu. Ni miksa ndogo ya mtu mmoja, inakaa kwenye stendi karibu na mkono wake, inapokea chaneli 16 kupitia waya mmoja wa Cat5e, na kila mtu anajichanganyia sauti anayotaka kwenye hedifoni zake bila kugusa cha mwenzake wala kinachokwenda kwa watazamaji. Kila chaneli ina sauti, upande wa kushoto na kulia, na marekebisho ya besi, kati na treble. Kuna kitufe cha kunyamazisha chaneli, cha kuisikiliza peke yake, na nafasi 16 za kuhifadhi mipangilio. Kuna pia limita, yaani kizuizi kinachozuia sauti isivuke kiwango kilichowekwa, ambayo nitaieleza kwa urefu kwa sababu inahusu masikio ya watoto.

Kwa maoni yangu thamani yake kubwa kwa shule haiko kwenye ubora wa sauti, ingawa sauti ni safi na ucheleweshaji hauzidi milisekunde 1, kiasi ambacho mpigaji hawezi kukihisi. Thamani iko kwenye mpaka inaouchora. Kila kitu kinachoishia kwenye kifaa, yaani maiki, nyaya, geini (kiwango cha kukuza sauti inapoingia kwenye miksa) na njia za sauti, ni cha mafundi. Kila kitu kinachoanzia kwenye vitufe vyake hadi hedifoni ni cha mpigaji. Mpaka huo ukiwekwa wazi siku ya kwanza, na mwalimu akausimamia, robo tatu ya maneno makali hayapati pa kuanzia. Usipowekwa, utakuwa umenunua mashine na ugomvi utabaki palepale.

Unachohitaji kabla ya kusema umekamilika

P16-M peke yake haifanyi kazi. Inahitaji chanzo cha chaneli 16 kwa mfumo wa Ultranet, njia ya Behringer ya kupeleka sauti ya kidijitali kwa waya. Shule yenye miksa ya kidijitali ya Behringer X32 tayari ina tundu hilo nyuma ya miksa. Shule yenye miksa ya analogi inahitaji P16-I, kisanduku cha kufunga kwenye raki chenye matundu 16 ya kuingizia sauti, ambacho unakilisha kutoka kwenye matundu ya kutolea ya chaneli zako.

Kisha kuna umeme, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Tundu la Ultranet la X32 linapeleka sauti tu, halipeleki umeme. Ukifunga P16-M moja kwa moja kwenye miksa, kila moja itahitaji adapta yake, na adapta saba chini ya miguu ya wapigaji saba ni ugomvi mpya: fundi wa mandhari anapita gizani na kiti, anang'oa adapta, mpigaji anabaki kiziwi katikati ya wimbo. Nunua P16-D pamoja navyo. Ni kigawanyaji kinachopokea waya mmoja kutoka kwenye miksa na kupeleka sauti na umeme kwa vifaa 8, kila kimoja kwa waya wake. P16-D inakaa pembeni ya eneo la bendi, ndani ya raki au kasha lenye mfuniko, na nyaya zinatawanyika kutoka hapo. Kuunganisha kifaa kwa kifaa kama mnyororo kunawezekana na kunaokoa waya, lakini waya mmoja wa katikati ukikatika, wote wanaofuata baada yake wanapoteza sauti. Kwa ukumbi wa shule, ambako viti na stendi vinasogezwa kila siku, sishauri mnyororo.

Ultranet inatumia waya uleule wa mtandao wa kompyuta lakini si mtandao wa kompyuta. Usiichomeke kwenye swichi wala ruta ya shule, hata kama tundu linaingia vizuri. Waambie na watu wa maabara ya kompyuta, kwa sababu siku waya utakapokosekana mtu atatafuta njia ya mkato. Tumia nyaya zenye kinga ya chuma ndani, na zipe rangi moja isiyotumika kwingine kokote ukumbini. Kilimi cha plastiki cha kichwa cha waya ndicho hufa kwanza. Kikivunjika, waya bado unaingia na unaonekana mzima, kisha unachomoka mpigaji anapovuta stendi. Waya wa namna hiyo usirudishwe kwenye kasha, ufungwe kichwa kipya au utupwe.

Kishikizo cha kufungia kifaa kwenye stendi kinauzwa peke yake. Usikiache. Bila hicho P16-M inalala sakafuni, mpigaji anainama kuitafuta gizani, na mwisho anaikanyaga.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote na zenye mgongo uliofungwa. Zile zenye mgongo wazi zinavujisha mapigo ya kliki (mlio wa kuhesabia mwendo wa wimbo) hadi kwenye maiki ya violini, na watazamaji wa mbele watasikia tik-tik kwenye wimbo wa huzuni.

Chaneli 16: amua kwenye karatasi, si kwenye saundi cheki

Chaneli 16 zinaonekana nyingi hadi uanze kuzigawa. Mpangilio ufuatao unatosha bendi ya watu saba hadi tisa:

1 dramu ya mguu, 2 dramu nyingine zote kwa maiki ya juu, 3 besi, 4 gitaa, 5 na 6 kibodi ya kwanza, kushoto na kulia, 7 kibodi ya pili, 8 violini, 9 saksafoni, 10 tarumbeta, 11 waigizaji wote wenye maiki za mwilini, 12 kwaya, 13 milio ya kurekodi kama radi, simu na mlango, 14 maiki ya hewa ya ukumbini, 15 kliki, 16 meneja wa jukwaa.

Kiongozi wa muziki na fundi sauti wakae pamoja wakubaliane orodha hii angalau wiki moja kabla ya mazoezi ya kwanza ya pamoja. Ichapwe, ikatwe vipande vya ukubwa wa kifaa, na kipande kibandikwe kwenye kila P16-M juu ya vitufe. Mpigaji asiyejua namba 7 ni nini ataita fundi, na hapo mmerudi mlikotoka.

Chaneli ya 11 na ya 12 zinahitaji uangalifu kuliko nyingine zote. Kwenye X32, ukurasa wa kupanga njia unakuruhusu kuchagua kila chaneli ya Ultranet ichukuliwe wapi: kabla ya feda (kidhibiti cha kutelezesha ambacho fundi hupandishia na kushushia sauti ya watazamaji) au baada ya feda, ikifuata kitufe cha kunyamazisha au isifuate. Vyombo vichukuliwe kabla ya feda na visifuate kunyamazishwa. Kwa njia hiyo fundi anaweza kushusha gitaa kwa watazamaji wakati wa mazungumzo ya waigizaji, na mpiga gitaa bado anajisikia sawasawa. Ukivichukua baada ya feda, kila mkono wa fundi utahisiwa masikioni mwa bendi nzima, nao wataamini anawachezea.

Waigizaji ni kinyume chake. Maiki zao zikichukuliwa kabla ya feda, bendi itasikia kila kitu ambacho mwigizaji anasema akiwa nyuma ya pazia: anapumua, anabadilisha nguo, anaenda msalani, anamsema mpiga dramu. Hilo la mwisho limeshaharibu zaidi ya onyesho moja la shule. Kusanya maiki zote za waigizaji kwenye basi moja (njia ya ndani ya miksa inayounganisha chaneli kadhaa), zikichukuliwa baada ya feda, kisha upeleke basi hiyo chaneli ya 11. Bendi itasikia tu yule ambaye fundi amemfungulia, na itamsikia kwa kiwango ambacho watazamaji wanamsikia.

Chaneli ya 13 huachwa na wengi kwa kuona haina maana. Iweke. Mpigaji anayeanza wimbo baada ya mlio wa mlango anahitaji kuusikia mlango, na akiukosa atamlaumu fundi wa milio aliyebonyeza kwa wakati.

Saundi cheki ya dakika arobaini

Kazi ya kwanza ni ya mafundi na inafanyika bendi ikiwa haijafika. Waya wote chini, utepe juu ya kila waya unaovuka njia ya kupita, kila kifaa kimewaka, na mtu mmoja anapita na hedifoni kituo kwa kituo kuhakikisha chaneli 16 zinafika. Hili lisifanywe huku wapigaji wamesimama na vyombo mikononi. Vituo saba vinachukua robo saa vikienda vizuri.

Bendi ikifika, kila mpigaji anapiga peke yake kwa sekunde thelathini kipande chake chenye kelele kuliko vyote katika onyesho. Si chenye kupendeza, ni chenye kelele. Fundi anaweka geini ili kipimo cha miksa kikae karibu na −18 dB kwa wastani na kisivuke −6 dB kwenye vilele. Mwambie mpigaji kwa nini, kwa sababu wapigaji wengi hupiga taratibu kwenye saundi cheki, kisha mbele ya watazamaji mkono unapata moto na kipimo kinaingia nyekundu.

Geini zikishawekwa, zimefungwa. Hii ndiyo sheria moja ambayo fundi akiivunja mfumo wote unakosa maana. Geini iko kabla ya kila kitu, na ukiipandisha katikati ya onyesho, umepandisha masikioni mwa watu saba kwa mara moja bila idhini yao. Akihitaji zaidi kwa watazamaji, atumie feda. Andika kwenye utepe chini ya miksa: geini haiguswi bila kumwambia kiongozi wa muziki.

Sasa wapigaji. Kila mmoja anaanza na chaneli zote chini kabisa. Anajipandisha mwenyewe hadi asikie vizuri, kisha kliki, kisha besi na dramu, kisha waigizaji. Anaishia hapo, halafu anaongeza kidogo tu kile anachokikosa. Wengi hufanya kinyume: wanafungua zote, wanajikosa, wanajipandisha, bado wanajikosa, wanapandisha sauti nzima. Kanuni ya kuwafundisha ni kwamba ukijikosa, ushushe wengine kwanza. Atakayeifuata anamaliza kujipanga kwa wimbo mmoja na nusu.

Akimaliza, anahifadhi kwenye nafasi ya 1 na anaandika jina lake kwenye utepe. Bendi mbili zikishiriki vifaa, mathalani ya mchana na ya jioni, ya pili inatumia nafasi ya 2.

Masikio

P16-M ina nguvu ya kutosha kuumiza. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kiwango cha 85 dBA (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila ongezeko la 3 linakata muda kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, na 100 kwa robo saa tu. Mazoezi ya shule hudumu saa tatu au zaidi. Kwa hiyo limita iwekwe na fundi kabla mpigaji hajavaa hedifoni, si baada. Na hapa mpaka niliousema unavukwa kwa makusudi: limita ni ya mafundi, mpigaji haruhusiwi kuilegeza, na mwalimu aseme hivyo mbele ya wote ili fundi asionekane mnoko.

Angalia pia tabia ya kuvaa sikio moja. Mpiga tarumbeta na mpiga saksafoni huipenda kwa sababu wanasikia chombo chao hewani. Tatizo ni kwamba sikio lililo wazi linapokea dramu, lile lililofunikwa linashindwa kushindana, na mkono unapandisha sauti. Tiba ni chaneli ya 14. Maiki moja ya hewa, iliyoelekezwa kwenye bendi na ukumbi, ikichanganywa kidogo, inamrudishia mpigaji hisia ya chumba na anavaa masikio yote mawili kwa hiari yake. Kifaa chenyewe hakina maiki ya aina hiyo ndani, na huo ni upungufu wa kweli. ME-1 ya Allen & Heath, inayofanya kazi kama hii kwa vyanzo hadi 40, inayo. Kwa bendi kubwa ya shule yenye miksa za kampuni hiyo ningeenda huko.

Kinachoharibika, na nani wa kukishughulikia

Malalamiko ya "sisikii kitu" wakati wa onyesho yana mpangilio wa kukagua usiozidi dakika moja. Kwanza, kitufe cha solo, kile cha kusikiliza chaneli peke yake. Mpigaji amekigusa gizani na sasa anasikia violini peke yake, au chaneli isiyo na kitu. Hili ndilo hutokea mara nyingi kuliko yote, na mpigaji anaweza kulimaliza mwenyewe. Pili, sauti kuu imeshushwa badala ya chaneli, au chaneli badala ya sauti kuu. Kifaa kina nobu moja ya sauti inayofanya kazi kwa chaneli iliyochaguliwa, na kichaguo kinabaki pale kilipoachwa. Mpigaji anadhani anashusha kila kitu, kumbe anaishusha besi hadi sifuri, kisha anaapa kwamba fundi ameizima. Tatu, plagi ya hedifoni. Nne, waya kwenye kifaa: je, umebana? Hapo ndipo mamlaka ya mpigaji yanapoishia. Tano, taa ya P16-D, na sita, njia kwenye miksa, ni kazi ya fundi.

Karatasi yenye hatua hizi ikae nyuma ya kila stendi. Kitu kidogo, lakini kinageuza mazungumzo. Badala ya "mmenizimia tena", fundi anapokea ishara kwamba hatua nne zimeshakaguliwa na tatizo ni la waya. Mtu anayeletewa taarifa ya aina hiyo hujibu kwa mikono, hajibu kwa mdomo.

Mvumo wa umeme wa chini kwenye gitaa au besi hauletwi na P16-M. Kagua kisanduku cha DI (kinachounganisha chombo cha umeme na miksa), bonyeza swichi ya kukata ardhi, kisha chomeka amplifaya na miksa kwenye mkondo mmoja wa umeme. Kamwe usikate waya wa ardhi kwenye plagi ya umeme yenyewe.

Isichotatua

Dramu za kawaida zinabaki na kelele ileile. Hedifoni hazizishushi. Mara nyingine huongeza, kwa sababu mpigaji aliyefunikwa masikio hajui anapiga kwa nguvu gani. Weka kinga ya plastiki ngumu mbele, au mpe brashi na vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja kwa nyimbo za taratibu. Amplifaya ya gitaa ndiyo unaweza kuiondoa kabisa kwa kupitisha gitaa kwenye DI na pedali, na hapo ndipo utaona ukumbi umetulia. Uliza kwa heshima. Mpiga gitaa anayeambiwa "toa hilo" atakataa, anayewekewa hedifoni na sauti yake ikiwa nzuri ndani yake atalitoa mwenyewe.

Mizania ya mbele kwa watazamaji nayo haimo kwenye kisanduku hiki. Mpigaji ataendelea kuamini kwamba hasikiki ukumbini, na wazazi wake watamthibitishia. Maombi ya namna hiyo yapite kwa mtu mmoja, kiongozi wa muziki, na yamfikie fundi kwa maandishi wakati wa mapumziko. Fundi asijibu maombi ya mbele kutoka kwa mpigaji mmojammoja, na mpigaji asitembee hadi kwenye miksa katikati ya mazoezi. Hili lina mantiki: aliyeketi kwenye bendi hawezi kusikia kinachosikika safu ya kumi.

Taa za stendi za noti ni vita tofauti kabisa. Fundi taa anataka giza totoro kwa mabadiliko ya mandhari, mpigaji anataka kusoma. Taa za LED zenye kofia, zikielekezwa chini na zikiwa na kipande cha jeli (plastiki nyembamba ya kuchuja mwanga) ya rangi ya kaharabu, huwaridhisha wote wawili. Vitufe vya P16-M navyo vinawaka, na kwenye giza kamili vinaonekana kutoka ghorofa ya juu kama bendi imekaa juu ya jukwaa au sakafuni mbele yake. Kipande cha kadibodi nyeusi juu ya stendi kinatosha.

Usalama ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Watu saba waliofunikwa masikio hawasikii mtu akipiga kelele "simama!" pale pazia linaposhuka vibaya au kipande cha mandhari kinapoteleza kuelekea eneo la bendi. Ndiyo maana chaneli ya 16 ni ya meneja wa jukwaa na haitolewi kwa chombo chochote, hata chaneli zikipungua. Mpe maiki ya kawaida yenye swichi, iingie kwenye chaneli yake ya miksa, iondolewe kabisa kwenye spika za watazamaji, na ipelekwe Ultranet tu. Kagua kuondolewa huko kila siku kabla ya milango kufunguliwa, maana ukisahau, ukumbi mzima utasikia "tayari mabadiliko ya tatu". Kila mpigaji aipandishe chaneli 16 hadi robo tatu na asiishushe. Kwa kuwa kifaa hakina njia ya kumzuia kuinyamazisha, ongeza taa ya ishara mbele ya kiongozi wa muziki: nyekundu kwa tayari, kijani kwa anza. Nyekundu ikimulika mfululizo bila kukoma maana yake ni simamisha muziki, inua mikono, tazama meneja. Fanyieni zoezi hili mara mbili kabla ya onyesho la kwanza.

Chaneli hiyo ina faida nyingine isiyotarajiwa. Wapigaji wanaomsikia meneja wa jukwaa akihesabu, akisubiri kipande kizito kifungwe, akisema "sekunde tano zaidi, gurudumu limekwama", huelewa kwa nini waliambiwa warudie mizunguko minne ya muziki wa kujazia. Kabla ya hapo walijua tu kwamba mafundi ni wazito. Meneja naye ajifunze kusema sababu kwa maneno matatu, si amri peke yake.

Simu badala ya kifaa?

Mwenye X32 atauliza kwa nini asitumie programu ya X32-Q, inayomruhusu mpigaji kurekebisha mchanganyiko wake kwenye simu. Kwa mazoezi ya chumbani inafaa sana, na haihitaji kununua kisanduku. Kwenye onyesho siipendekezi. Kila mpigaji anakula basi moja kati ya 16 za miksa, mbili akitaka kushoto na kulia, na fundi anahitaji baadhi ya hizo kwa kazi yake. Bado utahitaji waya au kipokezi cha kumfikishia sauti. Ruta inayotumia masafa ya 2.4 GHz inafanya kazi vizuri ukumbi ukiwa mtupu, kisha watazamaji mia tatu wanaingia na simu zao na muunganisho unaanza kukatika. Na simu iliyowaka kwenye stendi ni mwanga, ujumbe, na kishawishi.

Ukiwa na vichache

Shule nyingi zitaanza na vitatu au vinne. Visigawanywe kwa ukubwa wa sauti ya anayelalamika. Cha kwanza ni cha mpiga dramu, kwa kuwa yeye akiwa na kliki na besi masikioni, mwendo wa bendi unatulia na spika kubwa zaidi ya kumrudishia inaondoka sakafuni. Cha pili ni cha kiongozi wa muziki, ambaye lazima amsikie mwigizaji na meneja wa jukwaa. Cha tatu ni cha besi. Cha nne kikae kati ya wapulizaji wawili kwa kigawanya hedifoni, wakikubaliana mchanganyiko mmoja, na limita ikiwekwa upya baada ya kukiunganisha kwa sababu hedifoni mbili hazilingani kwa nguvu. Wapiga violini na waliobaki waendelee na spika moja ndogo iliyowekwa karibu na kichwa, kwa sauti ya chini.

Mgawanyo huo utangazwe na mwalimu pamoja na sababu zake, kabla mafundi hawajafungua kasha. Ukiacha fundi ndiye atangaze nani anapata na nani hapati, umemkabidhi ugomvi wa kwanza wa msimu kabla hajachomeka waya hata mmoja.